Plato dhidi ya Plato: Maumbo, Mtu wa Tatu na makosa ya hoja

Katika maandishi yote ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kurasa ninazozithamini kuliko nyingine si zile za pango na vivuli, ambazo kila aliyepita darasa la falsafa anazijua. Ni kurasa chache za mwanzo wa mazungumzo yanayoitwa Parmenides, ambamo Socrates, mwalimu wake, anashindwa. Huyu si yule Socrates mzee anayewabana watu kwa maswali mpaka wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli mahali pengine. Ni kijana bado. Mbele yake yupo Parmenides wa Elea, mzee wa miaka kama 65, kichwa chote mvi, aliyefika Athens pamoja na mwanafunzi wake Zeno kwa sikukuu kuu ya mungu wa kike Athena. Kijana anaeleza kwa kujiamini nadharia ya Maumbo: kwamba vitu vingi vizuri, kwa mfano, ni vizuri kwa sababu ya kitu kimoja kisichobadilika, Uzuri wenyewe, na kitu hicho ndicho Umbo. Mzee anamuuliza kwa upole, swali baada ya swali, na majibu ya kijana yanaporomoka moja baada ya jingine. Nadharia inayobomolewa ni ya Plato. Aliyeandika ubomoaji huo ni Plato.

Nayaleta haya kwa sababu ya namna falsafa ya Magharibi inavyofundishwa kwa wanaoanza. Mwanafunzi hupewa mambo mawili yaliyotengwa. La kwanza ni nadharia ya Maumbo, inayosimuliwa kama hekaya: kuna ulimwengu mwingine huko juu, wenye farasi kamili na kitanda kamili, na huu wetu ni kivuli tu. La pili ni orodha ya makosa ya kimantiki, mengi yakiwa na majina ya Kilatini, ambayo mwanafunzi huyakariri na kwenda nayo mitandaoni kuwanyamazisha watu. Hekaya anaisahau baada ya mtihani. Orodha anabaki nayo, na kwa bahati mbaya anaitumia vibaya. Msimamo wangu ni kwamba mambo haya mawili yalizaliwa katika mjadala mmoja, miongoni mwa watu waliofahamiana, na kila moja halieleweki vizuri bila jingine.

Tuanze na swali ambalo madarasa mengi huliruka: kwa nini mtu mwenye akili timamu aamini kwamba Maumbo yapo?

Katika mazungumzo ya Meno, Socrates anamwita kijana mtumwa asiyewahi kufundishwa jiometria. Anamchorea mraba wenye upande wa futi 2, yaani eneo la futi 4 za mraba, kisha anamuuliza: mraba wenye eneo mara mbili ya huu utakuwa na upande gani? Kijana anajibu haraka kwamba upande uwe mara mbili, futi 4. Wanahesabu na kupata 16. Anajaribu futi 3. Wanapata 9. Hapo anakiri kwamba hajui. Mwisho, kwa maswali tu, anafika mwenyewe kwenye jibu: mraba unaotakiwa hujengwa juu ya ulalo wa mraba wa kwanza.

Sasa fikiria kilichotokea. Mistari iliyochorwa pale haikuwa sawa kabisa. Hakuna mkono wa binadamu unaochora mraba usio na kasoro. Hata hivyo alichokielewa kijana hakikuwa na kasoro yoyote. Hakuelewa kwamba mchoro ule, siku ile, ulikuwa hivyo kwa kukadiria. Alielewa kwamba mraba, popote ulipo, lazima uwe hivyo. Alijua nini, basi? Si mchoro, maana mchoro una makosa na ujuzi wake hauna. Phaedo, mazungumzo mengine ya Plato, inalipeleka wazo hilo mbele kwa mfano wa vijiti na mawe: vijiti viwili vinaweza kuonekana sawa kwa mtu mmoja na visiwe sawa kwa mwingine, lakini usawa wenyewe haujawahi kuonekana kuwa kutokuwa sawa. Tunavipima vijiti kwa kipimo ambacho hakuna kijiti kinachokitimiza.

Ongeza Euthyphro. Mtu anayejiita mjuzi wa mambo ya dini anamshtaki baba yake mzazi kwa mauaji, na Socrates anamuuliza uchaji ni nini. Euthyphro anatoa mifano. Socrates anakataa mifano. Anataka kitu kile kimoja ambacho kwa hicho matendo yote ya uchaji ni ya uchaji, ili akitumie kama kigezo anapokutana na tendo jipya. Hilo ni dai la mtu anayeishi katika mji ambamo watu huuawa kwa mashtaka ya kutomcha Mungu, na Socrates mwenyewe aliuawa kwa mashtaka ya aina hiyo mwaka 399 KK. Alikuwa na haki ya kuuliza neno hilo lina maana gani.

Kwa hiyo Umbo si pambo la ulimwengu wa ndoto. Ni jibu la Plato kwa swali gumu: neno moja linawezaje kusemwa kwa haki juu ya vitu vingi, na kwa nini baadhi ya kauli zetu juu ya vitu hivyo ni za uhakika? Ukikataa jibu lake, swali linabaki mlangoni kwako.

Upande wa pili wa Athens ya wakati ule kulikuwa na watu waliouza ustadi wa kushinda mijadala. Plato aliwaonyesha kwa ukali wote katika Euthydemus. Ndugu wawili, Euthydemus na Dionysodorus, waliowahi kufundisha mapigano ya silaha, sasa wanafundisha mapigano ya maneno na wanajigamba kwamba wanaweza kulipinga lolote litakalosemwa, liwe kweli au uongo. Dionysodorus anamuuliza kijana Ctesippus: una mbwa? Ninaye. Ana watoto? Anao. Basi mbwa huyo ni baba? Ndiyo. Na ni wako? Ni wangu. Basi ni baba, na ni wako: mbwa huyo ni baba yako, nawe ni ndugu wa watoto wa mbwa. Kisha anaongeza: unampiga? Basi unampiga baba yako.

Wasomaji hucheka na kupita. Mimi naomba tusimame hapo. Kila jibu la Ctesippus ni kweli. Hitimisho ni uongo mtupu. Mahali ambapo mambo yaliharibika ni wapi hasa? Jaribu kumweleza mtu kwa sentensi moja, bila kusema tu kwamba ni upuuzi, nawe utaona ugumu wake. Mbwa ni baba kwa uhusiano wake na watoto wake. Ni wako kwa uhusiano wa mali na mwenye mali. Mahusiano hayo mawili hayaunganiki yakazaa la tatu kwa sababu tu maneno yake yamewekwa jirani. Kumbe ili uone kosa hilo unahitaji kujua ubaba ni nini na umilikaji ni nini. Jina la kosa halitakusaidia kama hujui hayo. Swali la Euthyphro limerudi kwa mlango wa nyuma.

Plato hakuyapa makosa hayo majina wala mpangilio. Kazi hiyo ilifanywa na mwanafunzi wake. Aristotle alizaliwa Stagira mwaka 384 KK, akaja Akademia ya Plato akiwa na miaka 17 na kukaa hapo kama miaka 20, hadi mwalimu alipofariki. Katika kitabu chake juu ya kanusho za Wasofisti, wale wauza ustadi wa mijadala, aliainisha makosa 13: 6 yanayotokana na lugha, kama vile kutumia neno lenye maana mbili, na 7 yasiyotokana na lugha, kama kulichukua tayari lile unalotakiwa kulithibitisha, au kuuliza maswali mengi kana kwamba ni moja. Mfano wa mbwa aliye baba umo. Mwishoni mwa kitabu anasema kwamba katika fani hii hakukuwa na chochote kabla yake, na anawaomba wasikilizaji wamwie radhi kwa yaliyopungua na wamshukuru kwa yaliyopatikana. Najua watu wachache walioanzisha fani kwa adabu ya namna hiyo.

Lakini kilichonifanya niandike makala haya ni jambo dogo lililomo ndani ya kitabu hicho hicho. Aristotle anapoeleza makosa yanayotokana na umbile la usemi, anaitaja hoja iliyojulikana kama ya Mtu wa Tatu. Na hoja hiyo ndiyo ile ile, kwa sura nyingine, iliyomwangusha Socrates kijana mbele ya Parmenides.

Hoja yenyewe inakwenda hivi. Unaona vitu vingi vikubwa: mlima, tembo, meli. Unasema vyote ni vikubwa kwa sababu ya kitu kimoja, Umbo la Ukubwa. Vema. Sasa, anasema Parmenides, viangalie vyote hivyo tena kwa akili yako, safari hii ukiuweka na Ukubwa wenyewe pamoja navyo. Je, si lazima uonekane Ukubwa mwingine, ambao kwa huo vitu vyote pamoja na Ukubwa wa kwanza ni vikubwa? Na ukiuweka huo wa pili pamoja na vingine, utahitaji wa tatu. Kisha wa nne, bila kikomo. Umbo lililoletwa ili liwe moja juu ya vingi limekuwa lenyewe wingi usio na idadi.

Mwaka 1954 Gregory Vlastos, mtaalamu wa falsafa ya Ugiriki ya kale, alichapisha makala iliyofanya wanafalsafa wa zama hizi wairudie hoja hii kwa bidii mpya. Alionyesha kwamba haiendi bila kuongezewa madai mawili ambayo hayakusemwa wazi. La kwanza ni kwamba Umbo lenyewe lina ile sifa: Ukubwa ni mkubwa. La pili ni kwamba chochote chenye sifa fulani huwa nayo kwa sababu ya Umbo lililo tofauti nacho. Yaweke madai hayo mawili pamoja nawe utaona kwamba hata huhitaji kwenda hadi kikomo kisichokuwepo. Kama Ukubwa ni mkubwa, na kila kilicho kikubwa ni tofauti na Ukubwa unaokifanya kiwe hivyo, basi Ukubwa ni tofauti na Ukubwa. Ni mgongano wa moja kwa moja. Kwa Vlastos, kurasa hizo ni kumbukumbu ya mtu aliyetatizwa kwa dhati, aliyehisi kuna hitilafu bila kuweza kuonyesha iko wapi.

Je, Plato aliyakubali madai hayo? La kwanza lina dalili nyingi. Katika Protagoras, Socrates anakubali kwamba haki ni ya haki, na anashangaa kitu kingine kitakuwaje cha uchaji kama uchaji wenyewe si wa uchaji. Katika Phaedo anazungumza juu ya uzuri wenyewe kama kitu kizuri. Ukifikiri kwamba Umbo ni kipimo kamili, ni rahisi kuteleza: kipimo kamili cha uzuri lazima kiwe kizuri kupita vyote. Lakini Umbo linapokuwa kitu kizuri kupita vyote, limejiunga na safu ya vitu vizuri, likiwa la kwanza katika safu. Linahitaji nalo kuelezwa.

Aristotle anaweka kidole hapo. Neno kama “mtu”, anasema, halitaji kitu fulani mahsusi, kama jina Coriscus linavyomtaja Coriscus. Linataja kuwa wa namna fulani. Sentensi mbili zinafanana kwa umbile, nasi tunadhani zinafanana kwa kazi. Tukilichukua lile la namna tukalifanya kitu, tunakiweka mezani pamoja na vitu vingine, na Mtu wa Tatu anakuja kukaa nasi. Mahali pengine Aristotle anasema Maumbo kama ya Plato tuyaage. Katika kitabu chake cha maadili anasema ni uchungu kuipinga nadharia iliyoletwa na rafiki, ila wajibu ni kuitanguliza kweli.

Naamini Aristotle anaeleza vizuri namna kosa linavyozaliwa. Siamini kwamba amelimaliza swali, kwa sababu bado anatakiwa aseme huko “kuwa wa namna fulani” ni nini, na mabishano juu ya jibu lake mwenyewe yameendelea kwa karne nyingi.

Turudi kwa Parmenides, maana kuna mambo mawili pale ambayo wasomaji huyapita haraka.

La kwanza ni la tanga. Parmenides anauliza Umbo moja linawezaje kuwa lote ndani ya kila kimoja cha vitu vingi bila kutengana na nafsi yake. Socrates anajibu kwa mfano mzuri: kama mchana, ambao ni mmoja na uko mahali pengi kwa wakati mmoja bila kukatika. Mzee anajibu: vizuri, ni kama ukitandaza tanga juu ya watu wengi ukasema lote liko juu ya kila mmoja. Je, si hivyo unavyotaka kusema? Kijana anasema labda. Na kwa “labda” hiyo amekwisha. Mchana hauna vipande vya kugawia watu; tanga linavyo. Mfano umebadilishwa mbele ya macho yake naye ameukubali. Plato hatoi onyo lolote. Anamwachia msomaji akamate mwenyewe badiliko hilo, na nina hakika alitaka tulikamate. Hilo ni zoezi bora la kutambua hoja potofu kuliko orodha yoyote, kwa kuwa hakuna anayekunong'oneza kwamba hapa pana kosa.

La pili ni kubwa zaidi. Baada ya kuyabomoa majibu yote, Parmenides hasemi kwamba Maumbo hayapo. Anasema kinyume: mtu akikataa kwamba kila kitu kina umbo lake moja lisilobadilika, hatakuwa na pa kuelekeza fikra zake, na ataharibu kabisa uwezo wa kujadiliana. Wapo wanaoona hapa Plato anakwepa pigo. Mimi naona nidhamu ya hali ya juu. Kuonyesha kwamba hoja fulani ni mbovu hakuonyeshi kwamba hitimisho lake ni uongo. Anayeruka kutoka la kwanza kwenda la pili naye amefanya kosa la kimantiki, na ndilo kosa linalofanywa zaidi na watu waliokariri orodha ya makosa.

Hapo ndipo orodha hiyo inaponitia wasiwasi. Chukua lile la kumshambulia mtu badala ya hoja. Halimo katika yale 13 ya Aristotle kama tunavyolijua leo. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, katika kitabu chake kikuu kilichotoka mwishoni mwa 1689, alitumia jina lake la Kilatini, ad hominem, kwa maana tofauti: kumbana mtu kwa yale yanayofuata kutokana na kanuni zake mwenyewe. Kwa maana hiyo Socrates alilifanya kila siku, wala si dhambi. Mwaka 1970 Charles Hamblin, mwanafalsafa wa Australia, aliyachunguza maelezo ya vitabu vya kiada juu ya makosa haya, akayakuta yamerithishwa kutoka kizazi hadi kizazi bila kufikiriwa upya. Anayedhani orodha hiyo ilishuka ikiwa imekamilika amedanganyika. Na kuhoji uaminifu wa shahidi mahakamani ni kumzungumzia mtu, lakini ni sahihi kabisa, kwa sababu ushahidi wenyewe unasimama juu ya neno lake.

Kipi basi kinatofautisha? Tazama kesi ya Socrates kama Plato alivyoiandika. Washtakiwa walizoea kuwaleta watoto wao wakilia mbele ya waamuzi. Socrates alikuwa na watoto watatu wa kiume na hakumleta hata mmoja. Hakusema huruma ni mbaya, wala hakutaja jina la kosa. Alieleza kazi ya mwamuzi: ameapa kuhukumu kwa sheria, hakuapa kugawa haki kama fadhila, na anayemsihi kwa machozi anamfundisha kuvunja kiapo. Alihukumiwa, na mwenyewe alisema kwamba kura 30 tu zingehamia upande wa pili angeachiwa. Machozi hayo hayo, mbele ya jirani anayeombwa msaada, yangekuwa sababu halali kabisa. Yanakuwa upotofu pale kwa sababu ya jinsi hukumu ilivyo. Huwezi kulijua kosa bila kujua kwanza umbo la kitu kinachofanywa, na hapo neno umbo nalitumia kwa maana iliyo karibu sana na ya Plato, hata kwa sisi tusiokubali kwamba Maumbo yanaishi mahali pengine.

Ningekuwa na darasa la wanaoanza, nisingelipa orodha kwanza. Ningeanza na mraba wa Meno, kisha mbwa wa Dionysodorus, kisha kurasa zile za Parmenides, na ningewaacha wapambane na tanga na mchana bila msaada wangu. Baada ya hapo Aristotle angeeleweka, maana wangekuwa wameshahisi haja ya majina yake.

Na ningewapa zoezi ambalo mzee mwenyewe anampa Socrates. Anamwambia ana kipaji, ila amekimbilia kutoa tafsiri za uzuri, haki na wema kabla hajafanya mazoezi. Hata kwa kusita kwake kukubali kwamba nywele, tope na uchafu vina Maumbo, anamwambia ni kwa sababu bado ni kijana na anajali watu watasema nini. Mazoezi yenyewe ni haya: chukua dai, lichunguze yatakayofuata kama ni kweli, kisha, na hapa ndipo wengi huchoka, chunguza yatakayofuata kama si kweli. Sehemu yote iliyobaki ya mazungumzo, ambayo ndiyo ndefu zaidi, ni Parmenides akifanya hivyo juu ya dai lake mwenyewe kwamba kuna Kimoja, akiligeuza huku na huku mbele ya kijana aliyejibu kwa ufupi kwa sababu ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote pale. Jina la kijana huyo lilikuwa Aristotle, mwingine, si yule wa Stagira.